Lami ikija Nachingwea na Ruangwa, mtoto atapita wapi?

Kwa mtu wa Nachingwea au Ruangwa, habari ya lami ni habari njema, na ana haki ya kuifurahia. Kwa miaka mingi wilaya hizi mbili za Mkoa wa Lindi zimefikika kwa vumbi wakati wa kiangazi na kwa tope wakati wa mvua. Mjamzito aliyepewa rufaa, mwanafunzi wa bweni anayerudi shuleni na lori la korosho linalotoka ghalani, wote wamegombea njia hiyo hiyo moja.

Sasa hali inabadilika. Barabara ya Nanganga hadi Ruangwa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 50, imejengwa kwa kiwango cha lami na kuiunganisha Ruangwa na barabara kuu ya Mingoyo–Masasi. Juni 2023 Serikali ilisaini mikataba ya barabara saba zenye jumla ya kilomita 2,035 nchini, mojawapo ikiwa ya Masasi–Nachingwea–Liwale yenye kilomita 175. Kipande cha kuziunganisha Ruangwa na Nachingwea nacho kimekuwa kikitajwa mara kwa mara kwenye mipango ya barabara za kusini.

Watu nao wameongezeka. Sensa ya mwaka 2012 iliihesabia Wilaya ya Nachingwea watu 178,464 na Ruangwa watu 131,080. Sensa ya 2022 ilikuta Nachingwea ina watu 233,655 na Ruangwa 185,573. Ndani ya miaka kumi wilaya hizo mbili zimeongeza watu zaidi ya laki moja, na kama ilivyo kwingine nchini, sehemu kubwa yao ni watoto. Tangu elimumsingi bila ada ianze Januari 2016, madarasa yamejaa, na njia za kwenda shule zimejaa pia.

Watoto hao hawapelekwi shule kwa gari. Wanakwenda kwa miguu, alfajiri, wamebeba madaftari na wakati mwingine fagio na ndoo ya maji, mkubwa amemshika mdogo mkono. Barabara wanayoifuata au kuivuka ndiyo hiyo inayosubiri lami. Ndiyo maana swali la mtoto atapita wapi linapaswa kuulizwa mapema, wakati barabara ingali kwenye karatasi.

Mashimo yalikuwa yanapunguza mwendo

Barabara mbovu ina ubaya mwingi, ila ina jambo moja ambalo wazazi hawalioni mpaka liondoke: inamlazimisha dereva aende polepole. Makorongo na mashimo yalikuwa matuta ambayo hakuna aliyeyajenga. Lami ikishalala, pikipiki iliyokuwa ikipita kwa mwendo wa 30 inapita kwa 70, na mtoto aliyezoea kuvuka akiwa anachezea tairi bado anavuka vile vile.

Hesabu yake ni rahisi. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa hupita takriban mita 8 kila sekunde. Likiwa kwenye 50 hupita karibu mita 14, na likiwa kwenye 80 hupita mita 22. Dereva aliye makini huhitaji kama sekunde moja kuona, kuamua na kukanyaga breki. Mtoto akichomoka mita 15 mbele ya gari, dereva wa mwendo wa 30 anaweza kusimama kabla ya kumfikia. Dereva wa 50 anakuwa karibu amemfikia ndipo breki zinaanza kushika.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali yenye kifo huongezeka kwa asilimia 4. Kwa takwimu za shirika hilo, watu takriban milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Mzazi anayempeleka mwanawe kliniki kwa ajili ya chanjo na kumtandikia chandarua kila usiku anafanya jambo la maana. Akishafika umri wa shule, barabara inaingia kwenye orodha ya vitu vya kumkinga navyo.

Sheria ya Usalama Barabarani imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Mwaka 2020, mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm, Sweden, ulikwenda mbali zaidi na kuhimiza kikomo cha kilomita 30 mahali ambapo watembea kwa miguu na magari huchanganyika mara kwa mara. Kibao peke yake, hata hivyo, hakimpunguzi mwendo dereva mwenye haraka. Kinachompunguza ni namna barabara yenyewe ilivyojengwa.

Mtoto naye ana mipaka yake. Wa miaka sita au saba hajui bado kukadiria mwendo wa chombo kinachomjia. Kimo chake hakivuki boneti, kwa hiyo akisimama nyuma ya Hiace iliyoegeshwa, haoni na haonekani. Kumkaripia kwamba hakuangalia hakutamwongezea kimo. Ni barabara inayopaswa kumwekea nafasi.

Kusini na njia zilizochorwa kwa ajili ya mzigo

Nachingwea ina kumbukumbu yake kuhusu njia kubwa za usafiri. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa moja ya maeneo matatu ya mradi huo pamoja na Kongwa na Urambo. Reli ikajengwa kutoka pwani, na bandari ya Mtwara ikajengwa pia, vyote vikisubiri karanga.

Karanga hazikupatikana kwa kiasi kilichotarajiwa. Mradi ukaachwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na mataruma yake yakang'olewa. Leo Nachingwea ina kata inayoitwa Stesheni, ila treni haipo.

Mizigo haijaisha kusini. Korosho na ufuta vya wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale huuzwa kupitia chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, na Ruangwa kuna madini ya kinywe. Malori yataongezeka barabara zikiwa nzuri, na hilo ni jema kwa mfuko wa familia. Ila njia iliyofikiriwa kwa mzigo peke yake humsahau anayeishi pembeni yake. Msimu wa korosho malori hupita bila kujali kengele ya shule, na mtoto hutoka darasani saa ile ile lori linapoingia mjini.

Dar es Salaam ilivyolipia kuchelewa

Mfano wa karibu uko Dar es Salaam. Shule nyingi za msingi za jiji hilo zilijikuta kando ya barabara zenye magari mengi, bila njia ya miguu na bila kivuko. Shirika la Amend likaanzisha mpango wa usalama wa barabara kwenye maeneo ya shule, unaojulikana kwa kifupi kama SARSAI. Kazi yake ilikuwa ya vitu vya kawaida: kujenga njia za watembea kwa miguu, matuta, vivuko vya pundamilia, nguzo fupi za kuzuia magari yasipande njia ya miguu, alama, na pale ilipowezekana kuhamisha geti la shule kutoka barabara kuu kwenda upande wenye utulivu.

Matokeo yake yalipimwa. Majeruhi kwenye maeneo ya shule hizo walipungua kwa hadi asilimia 26. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda Tuzo ya Ross kwa Miji, inayotolewa na Taasisi ya Rasilimali Duniani, ukiishinda miradi mingine mikubwa na ya gharama kubwa kutoka miji mbalimbali duniani.

Lipo la kujifunza hapo kwa miji midogo. Dar es Salaam ililazimika kurudi nyuma na kurekebisha, shule moja baada ya nyingine, barabara zikiwa zimeshajaa na watoto wameshaumia. Nachingwea na Ruangwa bado zina nafasi ya kuanza na vitu hivyo. Geti la shule huhamishwa kwa gharama ndogo kabla ukuta haujajengwa. Tuta na kivuko vikiwa kwenye mchoro, mkandarasi anavijenga pamoja na barabara. Vikisahaulika, vinasubiri bajeti nyingine, na mara nyingi vinasubiri msiba.

Nafasi ipo, isijazwe vibanda

Watu wengi wanaijua hifadhi ya barabara kwa sababu ya alama ya X. Kwa kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, barabara kuu na za mkoa zina hifadhi ya mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Lami yenyewe inachukua sehemu ndogo tu ya upana huo. Kinachobaki ndicho kinachoweza kumpa mtoto njia yake, mwendesha baiskeli njia yake, na mti wa kivuli mahali pa kuota.

Tatizo ni kwamba nafasi isiyo na mpango huwa haikai wazi. Lami ikifika, kijiwe cha bodaboda kinasogea, meza ya nyanya inasogea, fundi wa pikipiki anasogea, na malori yanaegeshwa pembeni yakisubiri zamu. Wote wanatafuta riziki, na hakuna wa kumlaumu. Ila mwisho wa siku anayesukumwa kwenye lami ni mwanafunzi. Wafanyabiashara wadogo wakitengewa eneo lao tangu mwanzo, na bodaboda wakapewa kituo chao nje ya njia ya miguu, ugomvi huo hautakuwepo.

Jambo jingine ni mitaro. Barabara nzuri inahitaji mitaro mirefu, hasa kwenye mvua za kusini. Mtaro usio na kidaraja mbele ya shule, zahanati au msikiti unamlazimisha mtoto kuruka, na unamfungia kabisa nje mtu anayetumia kiti cha magurudumu, bibi mwenye mkongojo na mama mwenye mtoto mgongoni. Vifuniko vichache vya zege vinavyowekwa mahali watu wanapopita kila siku vinaleta tofauti kubwa. Wanaojua ni wapi hasa viwekwe ni wakazi wenyewe, kwa sababu mchoraji wa ramani haoni kichochoro cha watoto.

Mji hauishii kwenye barabara kuu

Mipango ya usafiri ikizungumzwa, masikio huenda kwenye kilomita nyingi: Ruangwa hadi Nachingwea, Nachingwea hadi Masasi, Mtwara hadi Mbamba Bay kwa reli inayopangwa siku za usoni. Maisha ya familia, kwa upande wake, yako kwenye mita mia tano. Kutoka nyumbani hadi shule. Kutoka stendi hadi hospitali. Kutoka sokoni hadi kisimani.

Mama anayeshuka na mtoto mwenye homa kutoka gari la kijijini anahitaji kufika hospitali bila kukodi bodaboda ya pili. Siku ya mechi ya Namungo FC kwenye Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa, mashabiki wengi hurudi nyumbani kwa miguu jioni, wakiwemo watoto. Stendi, soko, hospitali, shule na uwanja vikiunganishwa kwa njia za miguu zenye taa na kivuli, mji mzima unatembeka. Visipounganishwa, kila safari fupi inageuka nauli.

Kuna upande wa dharura pia. Mfumo wa M-Mama humwezesha mjamzito au mama aliyejifungua kupata usafiri wa dharura kwa kupiga simu 115 bila malipo, na pale ambapo gari la wagonjwa liko mbali hutumika madereva wa jamii. Dereva huyo anaweza kuikimbia lami vizuri na kukwama mita mia mbili kutoka kwenye nyumba kwa sababu viwanja vilipimwa bila kuacha njia. Wakati wa urasimishaji wa makazi, jirani anapoombwa kuachia mita moja ya kiwanja ili kichochoro kiwe njia, mara nyingi huona ananyang'anywa. Ni vizuri akakumbuka kwamba usiku wa uchungu wa binti yake gari litapita hapo hapo.

Kutembea nako ni afya. WHO inashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Watoto wa Nachingwea na Ruangwa wanazipata bila kulipia, kwa kwenda na kurudi shule. Wazazi wakianza kuogopa barabara, watawapandisha bodaboda, mara nyingi mshikaki, watatu au wanne kwenye pikipiki moja bila kofia ngumu. Hapo familia inakuwa imetoa pesa ili kununua hatari kubwa zaidi.

Mzazi aseme wapi, na lini

Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za wilaya, za mitaa na za vijijini ziko chini ya TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017. Anayejua tofauti hiyo hapotezi safari kwa kupeleka malalamiko ya kivuko kwenye ofisi isiyohusika. Mzazi asisahau pia kwamba tangu mwaka wa fedha 2021/22 kila lita ya petroli na dizeli iliongezewa tozo ya Sh100 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Hata anayepanda bodaboda kwenda mnadani anachangia, kwa hiyo akiomba njia ya miguu haombi hisani.

Mlango wa kwanza uko karibu. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe angalau mara moja kila miezi mitatu, na mjini kuna wenyeviti wa vitongoji. Hoja ikishaandikwa kwenye muhtasari inakwenda kamati ya maendeleo ya kata, kisha kwa diwani na baraza la madiwani. Kamati ya shule nayo ina uzito wake, maana barua ya mwalimu mkuu yenye idadi ya wanafunzi wanaovuka barabara kila asubuhi haipuuzwi kirahisi.

Hoja yenyewe iwe ya kupimika. Kusema "tunaomba usalama" kunapigiwa makofi na kusahaulika. Afadhali mzazi asimame na kusema: "Mheshimiwa Mwenyekiti, mbele ya shule yetu tunaomba tuta moja kila upande, kivuko cha pundamilia, na vifuniko viwili vya mtaro pale kwenye mwembe. Tumehesabu wanafunzi wanaovuka hapo kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja asubuhi, idadi hii hapa." Kazi hiyo ya kuhesabu wanaweza kuifanya wazazi wawili kwa asubuhi tatu, kwa kalamu na daftari.

Muda nao una maana yake. Mradi wa barabara huanza na upembuzi yakinifu na usanifu wa kina, na hapo ndipo upana, mitaro, vituo na vivuko huamuliwa. Pale ambapo mkandarasi amepewa kusanifu na kujenga kwa pamoja, dirisha hilo ni fupi zaidi. Wahandisi wanapofika kupima na kuuliza maswali, wanaume huenda kusikiliza habari za fidia, na mara nyingi wanawake hubaki nyumbani. Ni wao wanaojua mtoto anapita wapi, kwa hiyo wawepo na wasikilizwe.

Wakati mipango inasubiriwa, nyumbani kuna ya kufanya. Mzazi amtembeze mtoto njia yake mara kadhaa kabla ya muhula kuanza, na achague njia yenye kuvuka mara chache hata kama inazunguka kidogo. Watoto wa mtaa mmoja waende kwa kundi, mkubwa akiwa upande wa magari. Wavuke mbali na gari lililoegeshwa. Nguo au mfuko wa rangi ya kung'aa husaidia alfajiri na jioni. Akilazimika kupanda bodaboda, apande peke yake na avae kofia ngumu.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na Bunge huanza kujadili bajeti Aprili. Kabla ya hapo halmashauri zinakuwa zimeshapitisha za kwao, kwa hiyo hoja ya kivuko inayoletwa Mei imeshachelewa mwaka mzima. Mkutano wa kijiji au wa kitongoji wa mwishoni mwa mwaka, wakati korosho ziko ghalani na watu wapo nyumbani, ndio wa kwenda na daftari lile la hesabu.